Mwalimu Asiyefundisha

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Bariadi.

Miezi mitatu na siku sita tangu niondoke Namtumbo. Shemeji aliniambia Bariadi si mbali. Shemeji hajawahi kufika. Siku tatu ndani ya mabasi! Nilipoteremka niliuliza kama bado tuko Tanzania. Mtu akanijibu kwa Kisukuma, nikaogopa zaidi.

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya kozi. Nitaandika mambo yangu.

Hali yenyewe ni hii. Kiwandani kwetu, kiwanda cha kuchambua pamba, kazi yangu ni marobota. Robota moja linazidi kilo mia mbili. Tunalisukuma watu wanne, lakini mgongo wangu unadhani niko peke yangu. Wiki iliyopita uligoma kabisa, nikatembea kama mtu anayetafuta sindano chini. Msimamizi wetu, Maduhu, mtu mfupi mwenye huruma fupi, akaniita. Karakana ya umeme ya kiwanda inataka msaidizi wa kuangalia mizani ya kidijitali na swichi za mashine. Kuna kozi ya wiki mbili pale kituo cha ufundi. Nikileta cheti, nahamia karakana. Kazi ya kukaa kwenye kiti. Kiti! Nisipokileta, Jumatatu tarehe 22, saa moja asubuhi, narudi kwenye marobota, mgongo uwepo usiwepo.

Nimesoma hadi kidato cha pili, na hicho cha pili ni nusu. Sikuogopa. Kozi ninaijua: mwalimu anasema, mwanafunzi anaandika, cheti kinatoka.

Kumbe!

Mwalimu wetu anaitwa Milembe, mama wa makamo, mzaliwa wa Ipililo, sauti ya pole. Kampa kila mmoja wetu taa ya sola iliyokufa, mita ya kupimia umeme, na chuma cha moto cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya. Akasema taa hizi haziwaki, tafuteni kwa nini. Kisha akakaa. Nikangoja afundishe. Akaendelea kukaa. Nikanyoosha mkono nikauliza taa yangu inaumwa nini. Akaniuliza mimi nadhani inaumwa nini. Ningekuwa nadhani, ningekuja kozi?

Kila mwanafunzi aliyeuliza alirudishiwa swali lake. Nilihesabu. "Wewe unadhani nini?" mara thelathini na moja. Mshahara anachukua wa ualimu, maswali anatuachia sisi!

Akaongeza kitu kuhusu kuandika daftari, sikusikiliza. Nilikuwa naangalia viti. Vina mito.


Jumanne, 9 Septemba

Hila ya kwanza: mgomo wa kimya. Mwalimu yeyote akiona mwanafunzi amekaa bure hukasirika, na akikasirika hufundisha. Nilifanya hivyo shule ya msingi. Kwa hiyo leo nimeingia, nimekunja mikono, sikugusa taa.

Mwalimu Milembe aliniona. Akasogeza kiti karibu, akatoa karanga kwenye mkoba, akaanza kumenya. Hakusema neno. Mimi pia sikusema. Saa nzima! Karanga zilikuwa za kukaanga, zina chumvi. Saa ya pili ilipoanza akaninyooshea kiganja kilichojaa. Nikapokea. Kwa kupokea karanga inabidi ukunjue mikono, na mikono iliyokunjuliwa mezani imekutana na taa. Mgomo ukafa hivyo.

Wakati huohuo taa ya Ndaki ikawaka.

Huyu Ndaki ni wa Lamadi, mtoto wa mvuvi, mrefu, meno nje muda wote. Amekulia kwenye taa za kuvulia dagaa, ndiyo maana ana kiburi na vitaa. Jana aliposikia mimi Mngoni alipiga kelele "Mtani!" akachukua matobolwa yangu yote niliyopanga kunywea chai. Viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa vizuri, vyote! Wangoni na Wasukuma ni watani, na mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa wewe na babu yako.

Leo ametangazia darasa kwamba taa ya Mngoni haiwezi kuwaka, maana sisi tumezoea kukimbia gizani. Nikamwambia Msukuma ukimpa mita, kwanza anauliza inakula majani gani. Darasa lilicheka, hata mwalimu. Kwa maneno nimeshinda.

Taa iliyowaka ni yake.


Jumatano, 10 Septemba

Nimepeleka malalamiko kwa Mkuu wa Kituo. Nilivaa shati la Jumapili. Nilimweleza kwa heshima kwamba mwalimu wake hafundishi, anamenya karanga. Alinisikiliza vizuri, akaitikia kwa kichwa, akanipa fomu. Nikafurahi. Fomu ni kitu cha serikali.

Fomu ina sehemu moja mbaya: "Eleza hatua ambazo mlalamikaji amechukua mwenyewe kabla ya kuleta lalamiko." Sikuwa na hatua. Ikabidi nirudi karakana kutafuta hatua ya kuandika. Nikafungua taa, skrubu nne. Nikaiwasha mita nilivyomwona Ndaki akifanya, nikagusa betri nchani mwake huku na huku. Sifuri. Nikarudi ofisini na kuandika: "Nimepima betri, iko sifuri."

Mkuu akasoma, akafurahi kuliko mimi. Akasema basi, ama betri imekufa, ama kitu kinachoilisha ndicho kimekufa, na akaegemea kiti tayari kuniuliza.

Nimeondoka kabla hajaniuliza nadhani nini. Wote ni ukoo mmoja!


Alhamisi, 11 Septemba

Hila safi. Nashangaa sikuifikiria mapema.

Ndaki ana daftari la bluu. Kila akifanya kitu anaandika. Taa yake imewaka, tena jana amewasha ya pili. Kwa hiyo majibu yamo mle. Na mimi ni mtani wake! Saa nne, mbele ya watu wote, nimeenda mezani kwake nikalichukua. Nikasema daftari hili limehamia Ungoni. Watu wakapiga makofi. Ndaki hakusimama hata kidogo. Alitabasamu tu, akasema, "Chukua, mtani. Ukimaliza kulisoma uniambie limekushibisha."

Nimenakili kurasa kumi na mbili, mkono umevimba. Nimeandika kila kitu alichounganisha na wapi. Maneno yaliyokuwa nyuma ya kila ukurasa sikunakili, yalikuwa mengi na hayakuwa na picha.

Mama Justina, ninayepanga kwake, ameniona nikiandika uani akasema afadhali mpangaji wake anasoma. Huyu mama ana banda la chakula kando ya barabara, ugali wake hauna mpinzani. Sikumsahihisha. Nimelala na amani kama mtu mwenye cheti.


Ijumaa, 12 Septemba

Ukurasa wa kwanza: waya mwekundu wa betri upelekwe upande wa mweusi. Nikapeleka. Kitu kikasema "tsi," harufu ikatoka. Fyuzi imekwenda.

Nikadhani nimekosea kusoma. Ukurasa wa pili nao: nikaunganisha, kimya. Wa tatu: vitaa viwili viliwaka kama macho ya paka anayekufa, vikazima. Wa nne, harufu tena.

Wakati wa chai Ndaki alikuja na kikombe chake, akakaa, akaniuliza kwa upole nimefika ukurasa wa ngapi. Nikasema wa nne. Akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Akasema, siku ya kwanza, mtani, wakati wewe unahesabu viti, mwalimu alisema daftari ni la makosa. Ukipatia, huandiki. Ukikosea, ukurasa wa mbele unaandika ulichofanya, nyuma unaandika ulidhani nini, umepima nini, umeona nini. Yeye amekosea mara kumi na mbili. Nami nimenakili makosa yote kumi na mawili, kwa mwandiko mzuri.

Siku nzima iliyobaki nimeitumia kufuta alama. Sikutaka Mwalimu Milembe aone nilichofanya kwenye taa ya kituo. Fyuzi nikabadilisha. Waya nikarudisha, lakini kwanza ilibidi nijue ulikuwa wapi, kwa hiyo nikapima. Mahali pamoja risasi ilimwagika ikaunganisha vitu viwili visivyojuana, nikaikwangua. Betri ikawa bado sifuri, nikafuata njia ya umeme nyuma nyuma hadi kwenye paneli, nikakuta waya mdogo umeachia tangu kabla yangu. Nikauchomelea ili mtu asiseme nimeuachisha mimi. Nikaiweka taa nje juani ili mwalimu asiione. Saa tisa ilikuwa inawaka.

Mwalimu akapita, akaiona, akaniuliza nimefanyaje. Nikasema ni Mungu. Akasema niandike hivyo, na niandike Mungu alipima nini.

Nimepona! Hakugundua kitu.


Jumapili, 14 Septemba

Misa ya kwanza. Baada ya misa nikampigia mke wangu, Lukresia. Nilikuwa nimemwambia tangu Julai kwamba nimeshakuwa fundi wa elektroniki. Niliona ni habari ileile, imetangulia tu.

Lukresia ana furaha sana. Amplifaya ya kwaya ya kigango imekufa, kwaya inaimba kama watu wanaoombana radhi. Basi yeye akasimama akawaambia mume wake ni fundi, yuko Bariadi, akirudi ataitengeneza. Katekista amelitangaza jambo hilo kanisani. Watu walipiga makofi! Mama mkwe wangu alipiga vigelegele. Huyo mama hajawahi kunipigia kigelegele hata siku ya harusi.

Nikamwambia mawasiliano ni mabaya, nikakata.

Kwa hiyo sasa si kiti peke yake. Nikirudi bila cheti, nitarudi pia bila sura.


Jumatatu, 15 Septemba

Mtihani umetangazwa. Ijumaa. Sikiliza ubaya wake: hakuna maswali ya kuandika, hakuna kumsogelea jirani. Mwalimu amewapanga watu wawili wawili. Alhamisi jioni kila mmoja ataiharibu taa ya mwenzake, ubovu mmoja tu, asimwambie. Ijumaa kila mtu atapewa taa yake iliyoharibiwa na saa moja. Ukiiwasha, na ukieleza mbele ya watu umegunduaje, cheti. Ukishindwa, kwaheri.

Mimi nimepangwa na Ndaki. Mwalimu Milembe alisoma majina huku akiangalia dirishani. Mtu asiniambie ni bahati mbaya.

Nikauliza kama atatufundisha kabla ya Ijumaa namna taa inavyoharibika. Akaniuliza, Selestini, mtu akitaka kuiharibu taa bila kujulikana, wewe unadhani angeanzia wapi?

Swali la kwanza la huyu mama ambalo nimelipenda.


Jumanne, 16 Septemba

Hila kubwa. Siwezi kushinda kwa kutengeneza, lakini kuharibu kunahitaji roho mbaya tu, na hiyo ninayo. Nitatafuta ubovu ambao Ndaki hataupata hata akiazima macho. Akishindwa yeye mtoto wa dagaa na vitaa, mwalimu ataona mtihani ni mgumu kupita kiasi, atauahirisha au atatupa wote vyeti kwa huruma. Mimi sitakuwa nimesoma chochote!

Leo sikwenda hata kunywa chai. Nimekaa na taa kutoka saa mbili mpaka saa kumi.

Kukata waya: hapana, ataona kwa macho. Kugeuza dayodi, kile kidude kinachoruhusu umeme wa jua uingie usirudi: taa haichaji, na betri ikiisha inakufa. Nzuri, lakini hawezi kukosa kuipima, nimemwona, huanzia pale. Kuharibu mahali risasi iliposhika, ionekane imeshika kumbe haijashika: ukigusa na penseli panacheza. Hapana. Kuweka rezista, kile kidude cha kupunguza umeme, iliyo kubwa zaidi: mwanga unafifia tu, atajua.

Kisha nikagundua uchawi mmoja. Ukiukunja waya uleule mahali pamoja mara nyingi, shaba ya ndani inakatika na gamba la nje linabaki zima. Ukinyooka unafanya kazi, ukikunjwa unakufa! Nilisikia mita ikilia, ikinyamaza, ikilia. Nilicheka peke yangu. Lakini inachukua dakika nyingi kuukata hivyo, na Alhamisi tutakuwa tunaangaliwa. Nikaiacha kwa uchungu.

Mwalimu amepita mara mbili. Mara ya pili akaniletea karanga, akaondoka akinyata, kama mtu aliyemlaza mtoto.


Jumatano, 17 Septemba

Nimepata! Kile kinailoni chembamba kinachofunika paketi ya sigara. Hakina rangi. Ukikata kipande kama ukucha ukakiweka kati ya ncha ya betri na chuma kinachoigusa, umeme haupiti na jicho halioni. Betri ukiipima ni nzima. Bodi ukiipima ni nzima. Taa imekufa! Shetani mwenyewe angeniomba nimfundishe.

Lakini ilibidi nijaribu kwanza. Taa ya kituo mwalimu haruhusu itoke. Mama Justina anayo ya aina ileile, ndiyo anayotumia bandani giza likianza. Mchana alikuwa sokoni. Nikaazima mita na chuma kituoni, nikaifungua. Nikajaribu kinailoni: safi. Nikajaribu na rezista. Nikajaribu na waya wa kukunja, kwa kujifurahisha tu. Halafu nikaziweka zote tatu kwa pamoja nione kama hata mimi mwenyewe ningeshindwa.

Nilishindwa.

Nilikuwa nimesahau waya gani niliukunja, na zile rezista mbili zilikuwa zimelala pamoja kwenye meza zikafanana. Saa kumi na moja na nusu Mama Justina akarudi na kapu la nyanya, akawasha taa yake. Kimya. Akanitazama. Nilikuwa nimeshika bisibisi, kwa hiyo hakuuliza ni nani.

Alisimama juu yangu na mwiko. Alisema yeye wateja wake wanaanza kuja saa kumi na mbili, na kwamba Mngoni huyu taa yake ikiwa haijawaka atakula ugali wake kwa Wangoni wenzake huko kwao. Nikapima. Jasho! Betri nzima, bodi haina kitu: basi ni katikati yake, kinailoni, toa. Rezista nikalinganisha namba, rudisha. Waya nikaukunja mmoja mmoja, wa tatu ukanyamaza, huyo! Kata, unga. Dakika ishirini. Taa ikawaka, mteja wa kwanza akaingia.

Mama Justina alishusha mwiko. Akaniwekea dagaa wengi kuliko siku zote. Mayu, nilimwambia, yaani mama kwa Kisukuma, asante. Nimeshapita mitihani katika maisha yangu, lakini hakuna ulioshika mwiko.


Alhamisi, 18 Septemba

Leo tumeharibu. Nikaweka kinailoni kwenye taa ya Ndaki ndani ya dakika mbili. Yeye akakaa na yangu dakika kumi na tano amenipa mgongo. Kumi na tano! Mtu anafanya nini dakika kumi na tano?

Basi nikaongeza hila moja ya kujihami. Jioni nilimfuata kwenye banda la Mama Justina, nikamnunulia chai, nikamwambia sisi ni watani, tusiumizane. Yeye aniambie amefanya nini, nami nimwambie, wote tupite, wote tuende kwetu na cheti. Ndaki alifikiri sana. Akasema ni kweli, mtani si adui. Akaniambia: amegeuza dayodi ya paneli. Mimi nikamwambia nimebadilisha rezista.

Nilidanganya, bila shaka. Mtani!

Lakini yeye aliapa. Alinyoosha mkono akaapa kwa ng'ombe wote wa baba yake. Msukuma haapi ovyo kwa ng'ombe. Nikamwapia kwa kwaya ya kigango chetu, maana haina sauti hivi sasa.

Nina furaha sana. Kesho dayodi nageuza kwa dakika tano, hamsini na tano zilizobaki nitamtazama akihangaika.


Ijumaa, 19 Septemba

Naandika haraka.

Saa tatu kamili mwalimu akasema anzeni. Nikafungua, nikaenda moja kwa moja kwenye dayodi. Haijageuzwa. Nikatazama tena. Nikaichomoa, nikaipima, nzima, imekaa ilivyotakiwa kukaa. Nikaigeuza hata hivyo, kwa sababu ameapa. Haikuwaka. Nikairudisha. Dakika kumi na mbili zimekwenda.

Hapo ndipo nikakumbuka. Ng'ombe wa baba yake? Baba yake ni mvuvi wa Lamadi! Hana hata mbuzi! Ameapa kwa kundi ambalo halijawahi kuzaliwa!

Nikamwangalia. Alikuwa ameinama juu ya rezista niliyomtajia, ameshaichomoa, anaipima kwa mara ya tatu, shati limemlowa mgongoni. Akainua macho, tukaonana. Naye akaelewa.

Nikaona marobota. Nikaona mama mkwe. Nikajiuliza: mtu mwenye roho mbaya kama yangu, mwenye dakika kumi na tano na mgongo mpana wa kunificha, angefanya nini? Waya haujakatwa nje, naona. Risasi: nikagusa kila mahali kwa penseli, hakichezi kitu. Rezista: nikasoma namba yake, sawa. Kinailoni: nikachungulia betri, hakuna, hana akili hiyo. Betri nzima, bodi inapata umeme, swichi haipati. Dakika kumi na tano... za kukunja! Nikashika waya wa swichi, nikaweka mita, nikaukunja taratibu. Ikalia. Ikanyamaza. Ikalia.

Kata. Unga. Choma risasi. Taa ikawaka, ikanimulika usoni, nikafumba macho. Dakika arobaini na moja.

Ndaki alipata kinailoni dakika ya hamsini na tano, taa yake nayo ikawaka. Alikiinua juu na kibano, akakitazama dirishani, akaniita nyoka wa Ungoni. Nikamwambia awasalimie ng'ombe wa baba yake. Mwalimu naye alicheka mpaka akashika meza.

Kisha maelezo mbele ya watu. Sikuwa nimejiandaa. Nikaeleza tu nilichofikiri: nilidhani hiki, nikapima, si chenyewe, nikadhani kile, nikapima, si chenyewe. Niliwataja wabaya wote mmoja mmoja hadi nikafika kwenye waya. Mwalimu Milembe akasema, "Nyie mmemsikia? Huyu ndiye aliyejisomea kuliko wote humu."

Maskini mama wa watu. Nimemdanganya mpaka mwisho! Sikusoma hata ukurasa mmoja. Wiki nzima nilikuwa napanga ubaya.


Jumamosi, 20 Septemba

Cheti ninacho. Kina muhuri. Jina limeandikwa vizuri.

Nimekipeleka kiwandani asubuhi. Maduhu akakisoma kwa sauti, akakigeuza nyuma aone kama kuna kitu kimefichwa, akanipeleka karakana. Kiti kipo. Nimekikalia. Kabla sijashiba kukikalia akanionyesha mzani wa pamba unaosoma namba za ajabu, akauliza ninaweza kufanya kitu. Nikamuuliza yeye anadhani nini. Nikamwona jinsi anavyohangaika, nikaelewa kwa nini walimu wanapenda swali hilo. Waya wa chini ulikuwa umeachia. Nimeuchomelea.

Mgongo haujalia leo hata mara moja. Nimepumua kama mtu aliyetua mzigo ambao hakujua ulikuwa na uzito gani. Ndaki amekuja kuniaga, anarudi Lamadi kutengeneza taa za wavuvi. Ameniletea matobolwa mfuko mzima, akala nusu yake palepale.

Funzo la kozi nimelipata: kusoma ni kwa wasio na hila. Mwenye akili hupita pembeni. Mwalimu anasema Januari kuna hatua ya pili, mambo ya amplifaya, na huko kila mtu atachagua mwenyewe atajifunza nini. Nimejiandikisha. Nimeazima kitabu chake, kurasa mia moja na arobaini, nitazisoma zote kabla ya hapo nione ni wapi pa kupenyea bila kusoma.

Kuhusu kwaya, mpango uko tayari. Sitaitengeneza amplifaya, siiwezi. Nitatoa kisingizio. Lakini kisingizio lazima kiwe sahihi, katekista si mjinga. Kwa hiyo nitaifungua kwanza kwa siri, nipime sehemu moja baada ya nyingine mpaka nijue hasa kilichokufa ni kipi, nikibadilishe nihakikishe ndicho, halafu ndipo nitasema haiwezekani.

Maduhu amenipa ruhusa ya wiki mbili msimu ukipungua. Lukresia, nichemshie maji ya kuoga: nategemea kufika Namtumbo Jumamosi, tarehe 11 Oktoba, kabla ya jua kuzama, na mita ya kuwatishia watu iko mfukoni.